Neno Moja Lilivyomwaga Maji ya Jirani

Leo naomba uniwie radhi nikianza kwa kuungama kosa langu mwenyewe kabla ya kuyagusa ya wengine, jambo ambalo sisi wahadhiri hatujalizoea. Kwa miaka mingi nimewasimamia wanafunzi wa isimu wanaoandika tasnifu kuhusu istilahi. Nimeketi katika vikao vya kujadili kama kitu fulani kiitwe hivi au vile, na aghalabu nimetoka humo nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Kisha, mwezi wa Machi, niliandika neno moja la silabi mbili juu ya mtungi wa jirani yangu hapa Kitale, na neno hilo likamwaga lita elfu thelathini za maji.

Jirani huyo ni mama aliyefundisha hisabati katika shule za msingi kwa muda wa miaka thelathini na mitano. Mimi humwita Mwalimu, naye huniita Daktari, kwa sauti ambayo daima huniacha nikijiuliza kama ni heshima au ni utani. Alipostaafu alinunua nyumba kuukuu ya mawe, mojawapo ya zile ambazo masetla walizijenga Trans Nzoia enzi ambapo reli ilikuwa imefika Kitale, mwaka wa 1926, na ardhi hii ikihesabiwa kuwa ya Wazungu peke yao. Nyuma ya nyumba, chini ya mikaratusi, mna bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita kumi na upana wa mita tano. Upande mmoja kina chake ni mita moja, na upande wa pili mita mbili.

Wenyewe walipoondoka, bwawa lilipata kazi nyingine. Kuna mmiliki aliyefuga bata humo. Kuna aliyevuna humo maji ya mvua ya kunyweshea ng'ombe. Mwingine, mwenye fedha kidogo, alijaribu kulirudishia hadhi yake, akanunua pampu na mtungi wa kichujio cha mchanga, kisha akahama kabla ya kuogelea hata mara tatu. Siku niliyoonyeshwa bwawa hilo kwa mara ya kwanza, maji yalikuwa ya kijani kibichi kama mboga ya mrenda, na vyura walitupokea kwa kishindo. Magazeti yetu huliita bwawa la namna hii kidimbwi cha kuogelea. Tangu jadi nimeliona neno hilo kuwa la dharau, kwa kuwa dimbwi ni maji ya mvua yaliyotuama njiani. Siku hiyo nililiona kuwa neno la haki.

Nilimwuliza Mwalimu bwawa ni la nini kwa mtu aliyetimiza miaka sitini na zaidi. Hakunijibu papo hapo. Baadaye, tukinywa chai, alisema kwamba katika muda wote aliofundisha, mara tatu alisoma sajili asubuhi akafikia jina ambalo mwenyewe alikuwa amechukuliwa na mto. Mmoja alikuwa akivuka kwenda shuleni. Wawili walikuwa wakioga tu, kama watoto wote wanavyooga. Alitaka watoto wa kijijini, wale ambao hawatawahi kuingia katika hoteli yenye bwawa, wajifunze kuelea mahali ambapo mtu mzima anawaona.

Waalimu wanaonisoma wanalijua jambo hili kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Shirika hilo linashauri kuwa watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji. Na sisi tunao mto Nzoia, unaotoka milima ya Cherangani, ukapita Trans Nzoia na Bungoma hadi Ziwa Viktoria, na vijito visivyo na idadi vinavyoumiminikia. Mvua ikinyesha milimani, kijito kilichovukwa asubuhi kwa kurukwa huwa hakivukiki jioni. Kuogelea kumeingizwa katika Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, lakini mwalimu wa shule ya kijijini atakufundishia wapi? Ubaoni?

Nilikubali kumsaidia bila ya kujua nilichokubali. Na hapa niongeze aibu nyingine. Shahada niliyo nayo Kiswahili huiita ya uzamifu, neno linalotokana na kuzama, kwa kuwa mwenye nayo anadhaniwa amepiga mbizi katika bahari ya elimu. Mimi mzamifu sijui kuogelea.

Mwalimu alikuwa na sharti moja tu. Alichukua sahani nyeupe ya bati iliyobambuka rangi ukingoni, akaniambia kwamba hakuna mtoto atakayeingia majini mpaka sahani ile ilazwe chini kwenye kina cha mita mbili, naye aione waziwazi akiwa amesimama ukingoni. Mwanzoni nilidhani ni suala la urembo. Sivyo. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hatapitapi kama tunavyoona katika filamu. Hushuka kimya. Maji yakiwa na ukungu, mwokoaji aliye hatua nne kutoka kwake hamwoni. Uangavu wa maji ndio mlinzi wa kwanza, na uangavu huo hutokana na mchanga.

Fundi nilimpata Bungoma, ambako ndiko ninakofundisha. Ni mzee Mbukusu aliyetunza mabwawa ya hoteli kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Hakusoma zaidi ya darasa la saba. Alipofika Kitale, aliukagua mtungi, akaupiga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akasema, "Mzee huyu amekufa tumboni, lakini ngozi bado nzima." Tulipoufungua tulikuta mchanga umegandamana ukawa kama tofali, na katikati mna kitundu ambamo maji yalikuwa yakipenya moja kwa moja bila kuchujwa chochote.

Nilimwomba anieleze mtungi unavyofanya kazi. Akaniuliza, "Daktari, umewahi kuketi na wazee kwenye chungu cha busaa?" Nikakiri. Wazee wa Kibukusu, kwa wasiojua, hunywa busaa kwa mrija mrefu unaoitwa lusekhe, ambao ncha yake ina kichujio kidogo kilichosukwa ili kuzuia makapi. Basi, fundi akaendelea, ndani ya mtungi huu, chini kabisa, mna mirija iliyolala kama miale ya jua, na kila mrija una nyufa nyembamba kuliko punje ya mchanga. Pampu huvuta maji machafu bwawani na kuyasukuma juu ya mchanga. Maji hushuka baina ya punje, uchafu hunaswa, na maji safi huingia katika mirija na kurudi bwawani. "Chungu ni mtungi, makapi ni mchanga, wazee ni pampu." Katika vitabu vyote nilivyosoma baadaye sikupata maelezo yaliyoshinda hayo. Nilikumbuka pia, nikacheka peke yangu, kwamba katika Tanzania ya Azimio la Arusha, mwaka wa 1967 na baadaye, mrija ulikuwa nembo ya unyonyaji na wananchi walihimizwa kuukata. Yetu tuliihesabu mmoja mmoja kwa hofu, tukashukuru kwamba ni mmoja tu uliokuwa umevunjika.

Suala la mchanga lilitupotezea majuma mawili. Mimi, kwa kujidai, nilisema kwamba mchanga umejaa Bungoma na haina haja kuuagiza mbali. Tukapanda gari la jamaa mmoja, tukashuka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, hadi mahali karibu na Nzoia ambapo vijana huuza mchanga wa kujengea. Fundi hakubishana nami. Alichukua tu chupa ya kioo, akatia mchanga hadi nusu, akajaza maji, akatikisa kwa nguvu, akaiweka juu ya boneti ya gari. Tulipokwisha kunywa soda, mchanga ulikuwa umetua chini, juu yake pametanda tabaka la udongo laini lenye unene wa kidole, na maji yenyewe bado yana rangi ya chai ya maziwa. "Huu ni wa nyumba," akasema. Mchanga wa mto una punje za kila kimo, mchanganyiko wa udongo na vumbi la mawe laini. Ukiutia mtungini, vumbi lile litapita katika mirija na kurudi bwawani, au litaziba kila upenyo. Kichujio kinataka mchanga mgumu wa kwazi, uliochekechwa hadi punje zake zikalingana, nusu milimita hivi. Hatimaye tuliununua Eldoret, magunia sita ya kilo ishirini na tano.

Bwawa lilikuwa limekaushwa mwezi wa Februari, kabla ya masika, na hilo nalo lilikuwa agizo la fundi. Ardhi ikishiba maji ya mvua huku bwawa likiwa tupu, maji ya chini yanaweza kulisukuma juu kama mashua, kuta zikapasuka. Likasuguliwa, likazibwa nyufa, likajazwa maji ya kisima. Lita elfu sabini na tano, alikokotoa Mwalimu kwa kichwa kabla sijatoa kalamu. Maji ya kisima yalikuwa na tope laini ambalo hata mchanga haukulinasa upesi, ndipo fundi akaagiza shabu. Waswahili wa pwani wameitumia shabu tangu kale kung'arisha maji ya mtungi. Kilo nne hivi ziliyeyushwa na kusambazwa jioni. Asubuhi tope lote lilikuwa limejivingirisha mabonge mabonge na kulala sakafuni, tukalivuta na kulimwaga nje.

Sasa nifike penye aibu yangu. Juu ya mtungi mna vali yenye mkono mmoja na vituo sita, na kila kituo huyaelekeza maji njia yake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na yalikuwa yamefutika nusu. Mwalimu akasema, "Daktari, hii ndiyo kazi yako." Nilichukua rangi na brashi, nikaandika kwa madaha: CHUJA, OSHA, SUUZA, MWAGA, ZUNGUSHA, FUNGA. Vitenzi sita katika hali ya kuamuru, vyote vya asili ya Kibantu, vyote vifupi. Nilikuwa tayari kuandikia makala.

Kituo cha pili ndicho kilichonishinda. Uchafu ukijaa katika mchanga, maji hupita kwa shida, na kipimo kilicho juu ya mtungi hupanda. Hapo maji hugeuzwa njia: huingizwa chini kwa mirija, yakapanda juu kwa kasi, yakainua mchanga na kuuchemsha, na ule uchafu ukatoka nje kwa bomba la taka. Kazi hiyo huchukua dakika mbili au tatu, hadi maji katika kikombe cha kioo yaonekane safi. Baadaye ndipo husuuzwa kidogo na kurudishwa kwenye kuchuja. Na sharti kuu ni kuzima pampu kwanza kila unapougusa mkono wa vali, la sivyo utaiharibu. Mimi nikaona kwamba, kwa ufupi, ni kuosha mchanga. Nikaandika OSHA.

Mtunzaji wa bwawa ni kijana mwadilifu. Jumatatu asubuhi Mwalimu alikuwa ameenda mjini, akamwachia maagizo kwamba aoshe bwawa. Kijana akafika penye mtungi, akasoma, akaona neno aliloambiwa. Akazima pampu kama alivyofunzwa, akauelekeza mkono kwenye OSHA, akawasha, akachukua brashi ndefu na kuanza kusugua kuta kwa bidii. Aliosha kwa saa tatu. Pampu, yenye uwezo wa kusukuma lita elfu kumi kwa saa, ilimtii vilevile. Maji yote hayo yalishuka mteremko na kuingia katika shamba langu la sukumawiki, ambalo sikuliona tena. Mwalimu aliporudi, maji yalikuwa yameshuka sentimita sitini. Akakokotoa, akaniita, akaniambia jumla yake, kisha akaniuliza ni nani aliyeandika pale.

Kijana alikuwa akitetemeka. Nilimwambia hana kosa, na sikuwa nikimfariji. Aliisoma lugha yake jinsi inavyosemwa, na katika lugha inavyosemwa, mtu hukioshea kitu mpaka kiwe safi. Neno langu lilitaja lengo, lakini halikutaja tendo. Halikusema ni nini kinachooshwa, maji yanatoka wapi, yanaenda wapi, wala ni la muda gani.

Fundi alipopigiwa simu alicheka hadi akakohoa. Akauliza kwa nini sikumwuliza. Huko hotelini, alisema, wao walikuwa wakisema wanautapisha. Mtungi umekula uchafu hadi umeshiba, sharti utapike, ukimaliza unasuuza kinywa chake, unaendelea kula. TAPISHA! Naungama nilinyamaza kwa muda. Kiambishi cha usababishi kimo. Mwelekeo wa maji umo: kutoka tumboni kwenda juu na nje. Sababu imo, kwa kuwa hatapiki asiyeshiba au asiyeumwa. Hata muda umo, kwani nani atakayemwacha mgonjwa atapike saa tatu akaenda zake? Na neno linalofuata, SUUZA, linajipanga lenyewe.

Mwalimu alilikataa katakata. Alisema watoto watasoma pale, na kwamba neno hilo halifai mbele ya wageni. Tulibishana siku mbili. Nilimpendekezea "geuza," akauliza geuza nini. Nikapendekeza "rudisha maji," akaona mwenyewe kwamba mtu atadhani maji yanarudi bwawani. Siku ya tatu alinipa brashi bila neno.

Sisemi kwamba wataalamu wa istilahi hawana kazi. Kipimo kile kilicho juu ya mtungi hupima kile ambacho wengi wetu Kenya tunakiita shinikizo, neno linalotumika pia kwa siasa na madeni. TUKI, katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka wa 1990, iliyachukua maneno ya kitaalamu kwa umakini mkubwa, na wenzetu wa Tanzania husema kanieneo. Litazame vizuri neno hilo: kani, eneo. Nguvu ikigawanywa kwa eneo inamoegemea. Mwanafunzi anayelikumbuka neno amekwisha kuikumbuka fomula, na Mwalimu, mtu wa hesabu, alilipenda mara moja. Kanieneo lilibuniwa mezani na ni neno zuri. Tapisha lilizaliwa penye matope na ni neno zuri. OSHA lilibuniwa mezani na mtu ambaye hakuwahi kuushika mkono wa vali, na hapo ndipo nilipokosea. Tangu siku hiyo huwaagiza wanafunzi wangu wa istilahi wakaonyeshe orodha zao kwa mtu mwenye mikono michafu kabla ya kunionyesha mimi. Wengine hunung'unika kwamba hawakuja chuoni kwa ajili hiyo.

Mchanga wenyewe, niseme kidogo, si jambo dogo katika historia ya mwanadamu. Mjini Paisley, Uskoti, maji yalichujwa kwa mchanga na kuuzwa kwa wakazi tangu mwaka wa 1804, na London ikafuata mwaka wa 1829. Mwaka wa 1892 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya elfu nane mjini Hamburg, Ujerumani. Mji wa Altona, uliopakana nao ukuta kwa ukuta na kuteka maji ya mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini baada ya taka za Hamburg kuingia, uliponea pakubwa. Tofauti ni kwamba Altona ilichuja maji yake kwa mchanga. Lakini mwanafunzi asichanganye mambo: vichujio vile vilikuwa vya polepole, na juu ya mchanga wake huota utando wa viumbe hai wadogo wanaowala vijidudu. Mtungi wa bwawa huenda kwa kasi, hunasa uchafu tu, na vijidudu vyenyewe huachiwa klorini. Nayo klorini, katika maji machafu, hujimaliza kwa kupigana na uchafu kabla ya kukutana na vijidudu. Kwa hiyo hufanya kazi wawili hao pamoja au hawafanyi.

Maji yalijazwa upya, kwa gharama ambayo tuligawana. Ua ulizungushwa bwawa na lango likatiwa kufuli. Kijana mmoja aliyefunzwa uokoaji akapatikana. Kila asubuhi, mwezi mzima wa Aprili, nilimwona Mwalimu akisimama ukingoni akitazama chini, akitikisa kichwa, akirudi ndani. Siku ya kwanza sahani haikuonekana kabisa. Juma la pili ilikuwa doa. Juma la tatu mduara.

Jumamosi ya kwanza ya Mei alinitumia mtoto kuniita. Nilitazama: sahani ilikuwa pale, mita mbili chini, na niliona hata pale ukingoni ilipobambuka rangi. Watoto saba walikuwa wamekwisha kupanga mstari upande wa kina kifupi, wakitetemeka kwa baridi ya Kitale kabla hata ya kulowa. Mwalimu alinipa taulo na kunionyesha mwisho wa mstari.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeushika ukingo kwa mikono miwili, maji yakinifika kifuani, huku msichana wa gredi ya nne aliyekuwa amefaulu kuelea dakika chache tu kabla yangu akinitazama kwa subira kubwa. "Daktari," akaniambia, "uachilie ukingo kwanza."